Barua kwa Zuhura kuhusu mlo wa wanga kidogo

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nyumbani. Barua yako nimeipokea, na nimefurahi kusoma kwamba sukari yako ya asubuhi imeanza kushuka na kwamba unajisikia mwepesi kuliko zamani. Hata hivyo imo sentensi moja iliyonitia hofu, nayo ni ile uliyosema kwamba umeacha nafaka, viazi, mikunde na matunda kwa mkupuo mmoja, huku ukiendelea na glimepiridi, kidonge chako cha kisukari, na insulini ya usiku kwa dozi zile zile ulizopangiwa mwaka jana. Umeniuliza, kwa kuwa mimi ni mfamasia, kama mlo wa wanga kidogo unaweza kumdhuru mtu. Kwa watu wazima wengi wenye afya, kupunguza wanga peke yake si jambo la hatari kubwa. Hatari hutokana na dawa ambazo mtu anaendelea kuzitumia, na hali ya mwili wake, na kile anachokiweka sahanini mahali pa wanga alioutoa. Kwako wewe suala la dawa ndilo la haraka zaidi, kwa hiyo naanza nalo.

Glimepiridi hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula wanga au hukula, na insulini unayojidunga nayo haingoji kujua umekula nini. Daktari alipokupangia dozi hizo alikuwa akimpangia mtu anayekula wanga katika kila mlo. Sasa wanga umeondoka na dozi imebaki, na kinachoweza kufuata ni sukari kushuka chini ya 3.9 mmol/L, kiwango ambacho kwa mtu anayetumia dawa hizi huhesabiwa kuwa ni cha chini mno. Utaanza kwa kutetemeka, kutokwa jasho, moyo kwenda mbio na njaa ya ghafla. Ikizidi kushuka, akili huchanganyikiwa, na mtu anaweza kuzirai au kupata degedege. Usiku jambo hili ni baya zaidi, kwa sababu aliyelala hawezi kuzitambua dalili za mwanzo. Ile nafuu unayoiona asubuhi ni ya kweli na ninaishukuru, lakini huenda pia inakuonyesha kwamba dozi imeanza kukuzidi. Nakuomba umpigie daktari wako leo hii na umweleze mlo wako ulivyo, ili akurekebishie dozi kwa kufuata vipimo. Usiikate insulini kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa maana kukosa insulini ya kutosha nako kuna hatari yake, na mpaka utakapopata maelekezo rudisha wanga wa kiasi katika milo yako, pima sukari kabla ya kulala, na weka karibu na kitanda kitu chenye sukari inayofanya kazi upesi. Dalili zikija, kitumie mara moja, wala usijione kwamba umeuvunja mlo.

Umetaja pia kidonge kipya ambacho hukulikumbuka jina lake. Tafadhali litazame kwenye boksi. Ikiwa ni dapagliflozini, empagliflozini au dawa nyingine ya jamii hiyo, ambayo hutoa sukari mwilini kwa njia ya mkojo, basi mlo mkali wa wanga kidogo haufai kabisa kufuatwa bila usimamizi wa karibu. Dawa hizi humsaidia mgonjwa sana, hasa kwa moyo na figo, lakini zinapokutana na upungufu mkubwa wa wanga zinaweza kuleta ketoasidosisi, yaani damu kujaa ketoni, kemikali ambazo ini hutengeneza kutokana na mafuta, na kuwa na asidi, ilhali kipimo cha sukari kinaonyesha namba isiyotisha. Hilo ndilo linaloifanya iwe ya hatari zaidi, kwa kuwa mgonjwa hutazama kipimo, akaona mambo ni mazuri, akachelewa kwenda hospitali. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, uchovu usio wa kawaida na kupumua kwa haraka na kwa kina ni dalili za kukupeleka hospitali siku hiyo hiyo, namba ya sukari iwe vyovyote iwavyo. Metformini, ambayo najua unaitumia tangu zamani, haina shida hiyo, na kwa kawaida peke yake haishushi sukari kupita kiasi. Kama unatumia dawa ya shinikizo la damu, itaje pia kwa daktari, kwa sababu mlo huu hulishusha shinikizo hilo, na dozi iliyokuwa sawa jana inaweza kukuletea kizunguzungu kesho.

Umeandika kwamba jirani yako alikuonya usizalishe ketoni kwa sababu "ni sumu". Hapa nadhani tuutendee mlo huu haki, kwa maana ketosisi, yaani ketoni kuwamo kwenye damu kwa kiasi kidogo, na ketoasidosisi ni hali mbili tofauti. Ini huhifadhi takriban gramu 100 za glukosi, yaani sukari ya mwili, katika umbo la akiba liitwalo glaikojeni, na akiba hiyo inapokwisha, ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni ambazo ubongo na misuli huzitumia kama nishati. Kwa mtu ambaye kongosho lake bado linatoa insulini, ketoni hizo kwa kawaida hukaa kati ya 0.5 na 3 mmol/L, kwa sababu insulini kidogo iliyopo inatosha kuzizuia zisiongezeke. Katika ketoasidosisi kizuizi hicho hakipo au kimezidiwa, ketoni hupanda mara nyingi zaidi ya hapo, na damu hugeuka kuwa ya asidi. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye hana insulini yake mwenyewe, anatakiwa kuwa na tahadhari kubwa kuliko wewe.

Tena mlo wa ketoni, yaani ule wa wanga kidogo sana unaoufanya mwili uzalishe ketoni, si jambo jipya katika tiba. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza utumike kutibu kifafa, na hadi leo hutumika kwa watoto ambao dawa hazikuwafaa. Kwa sababu watoto hao hufuatiliwa kwa karibu, wao ndio waliotufundisha mengi kuhusu madhara yake: choo kigumu, mawe kwenye figo, mafuta ya damu kupanda, na kwa baadhi yao ukuaji kupungua kasi. Ndiyo maana hupimwa mara kwa mara na kupewa vitamini na madini ya nyongeza. Mtu mzima anayeuanza mlo huo huo kwa kusikia tu kwamba mwingine amepungua hana hata mmoja wa kumpima, na hilo hunisumbua kuliko ketoni zenyewe.

Kuhusu kilo ulizopoteza katika siku za mwanzo, sehemu kubwa ilikuwa maji, kwa sababu kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu 3 za maji, na figo nazo hutoa chumvi zaidi insulini inaposhuka. Maumivu ya kichwa na misuli kukaza uliyoyaeleza yanatoka huko, na kwa kawaida hupita.

Sasa nifike kwenye sahani yako, ambayo kwa muda mrefu ndiyo itakayoamua kama mlo huu utakufaa au utakudhuru. Umeniandikia kwamba unakula mayai, nyama iliyokaangwa kwa siagi, soseji na jibini, asubuhi na jioni, na mboga ukizikumbuka. Zuhura, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mwaka 2018 jarida la Lancet Public Health lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu wazima zaidi ya 15,000 nchini Marekani kwa takriban miaka 25. Waliopata kama nusu ya nishati yao kutoka kwenye wanga ndio waliokuwa na vifo vichache zaidi, na vifo viliongezeka kwa waliokula wanga kidogo sana na vilevile kwa waliokula mwingi sana. Lakini waliokula wanga kidogo hawakuwa sawa wote: walioweka nyama na mafuta ya wanyama mahali pa wanga walikuwa na vifo zaidi, na walioweka protini na mafuta ya mimea walikuwa na vifo vichache. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba chakula ndicho kilichosababisha kifo, kwa sababu walaji wa nyama nyingi na walaji wa karanga hutofautiana pia kwa sigara, mazoezi na mengine. Wala wanga mwingi si ngao: utafiti mwingine mkubwa uliohusisha nchi 18, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta vifo vingi zaidi miongoni mwa waliokula wanga mwingi kuliko wote. Hata hivyo, hilo la kinachowekwa mahali pa wanga linapatana na yale tunayoyajua kwa njia nyingine. Mafuta yanayoganda, kama siagi, hupandisha kolesteroli ya LDL, na LDL ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha mishipa ya moyo kuziba. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa ziliwekwa mwaka 2015 na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, hasa ya utumbo mpana.

Na kuna kilichoondoka pamoja na wanga bila wewe kukusudia. Nyuzinyuzi za nafaka zisizokobolewa, mikunde na matunda hulisha bakteria wa utumbo, hulainisha choo, na hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na mlo ulioueleza haukaribii hapo. Mikunde, ambayo umeiacha kwa sababu tu ina wanga, ni chakula ambacho mimi ningekirudisha kabla ya kingine chochote.

Swali lako la kama protini nyingi huharibu figo lina jibu fupi. Kwa mtu mwenye figo nzima haijathibitishwa kwamba protini nyingi huziharibu, lakini kwa mwenye figo zilizokwisha kupata hitilafu protini hiyo inaweza kuzidisha mzigo, na kisukari ni miongoni mwa sababu kuu za hitilafu hiyo. Kwa hiyo omba vipimo vya figo, yaani cha kreatinini na cha albumini kwenye mkojo, kabla hujaongeza nyama.

Je, uuache mlo wenyewe? Sisemi hivyo. Chama cha Kisukari cha Marekani kilieleza mwaka 2019 kwamba kupunguza wanga ndiyo njia ya mlo yenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari ya damu, na wewe umeyaona matokeo kwa macho yako. Ninachokusihi ni kulegeza ukali. Mwaka 2021 kulichapishwa uchambuzi uliounganisha majaribio 23 ya milo ya wanga kidogo kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili. Katika miezi 6 ya kwanza wengi zaidi walipata nafuu kubwa kuliko waliofuata milo mingine, lakini kufikia miezi 12 sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa imepungua, na milo mikali kabisa haikupunguza uzito zaidi kuliko ile ya wastani, kwa sababu watu walishindwa kudumu nayo. Wewe unajaribu kukaa chini ya gramu 20 za wanga kwa siku. Ukizungumza na daktari kuhusu gramu 100 hivi, zitokazo kwenye mikunde, mboga, tunda moja au mawili na nafaka kidogo isiyokobolewa, nadhani utapata karibu faida yote na kupunguza nyingi ya hatari nilizozitaja. Mahali pa siagi na soseji weka samaki, karanga, mbegu, parachichi na mafuta ya mimea yasiyoganda. Mayai hayana ubaya kwa kiasi.

La mwisho ni la binti yetu Asha, ambaye umesema anataka kuufuata mlo huu pamoja nawe ili apunguze uzito wa uzazi. Mwambie kwamba mimi shangazi yake namwomba asiufuate maadamu ananyonyesha. Kutengeneza maziwa hutumia glukosi nyingi, na kuna akina mama wasio na kisukari ambao walikata wanga kwa ukali wakati wa kunyonyesha wakaishia hospitali kwa ketoasidosisi. Ni jambo la nadra, lakini halina sababu ya kujaribiwa. Na ikiwa anafikiria mimba nyingine, akumbuke kwamba katika nchi nyingi unga huongezwa asidi ya foliki, hivyo anayeacha unga anaikosa. Anahitaji mikrogramu 400 kwa siku tangu kabla ya mimba, na kidonge chake ni rahisi kukipata. Kupunguza vinywaji vyenye sukari na vitafunwa vitamu kunatosha kwake kwa sasa.

Ukienda kwa daktari, chukua boksi zote za dawa, daftari la vipimo vyako vya sukari, na orodha ya kweli ya unachokula kwa siku tatu, bila kuficha soseji. Omba pia upimwe mafuta ya damu sasa na tena baada ya miezi mitatu, ili tujue LDL yako inaelekea wapi. Dozi mpya atakazokupangia niandikie pamoja na jina la kidonge kile, nami nitazipitia zote kwa pamoja kuona kama zinaelewana.

Nisalimie Asha na mtoto.

Wako akupendaye,
Mwanaidi