Gari la wagonjwa lipo, aliyesomea kukaa nyuma yake hayupo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipostaafu: tuanzishe chuo cha kuwafundisha watu wa kumhudumia mgonjwa ndani ya gari la wagonjwa.

Nimekuwa muuguzi mkunga kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo katika kituo cha afya kilichoko upande wa Busisi, ng'ambo ya ziwa ukitokea jijini Mwanza. Usiku mmoja mama alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukata. Rufaa ikawa hospitali ya Bugando, jijini Mwanza. Zamu ile tulikuwa wauguzi wawili tu. Mimi nikapanda gari, mwenzangu akabaki na wodi nzima, na humo kulikuwa na wawili wenye uchungu. Nyuma ya gari nilipiga magoti sakafuni, mkono mmoja umeinua dripu, mwingine unakanda tumbo la uzazi, na mtungi wa oksijeni unabingirika kila dereva anapokwepa shimo. Tulipofika kivukoni, pantoni lilikuwa limeshaondoka. Tukalisubiri lirudi.

Yule mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini mimi nilisomea kumhudumia mgonjwa aliyelala kitandani, penye taa, na daktari wa kumwita. Kumhudumia ndani ya gari linalokimbia, peke yangu, ndugu zake wakilia pembeni, sikufundishwa na mtu. Nilibahatisha.

Leo pantoni la Kigongo na Busisi limebaki kuwa simulizi. Daraja la John Pombe Magufuli (JPM), linalovuka hapo kwa urefu wa kilomita 3, limefunguliwa tangu 19 Juni 2025. Tunayo pia namba 115 ya m-mama, mpango uliojaribiwa huku kwetu Kanda ya Ziwa kabla ya kuanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022: mjamzito au mama mwenye kichanga akipata dharura anatumiwa ambulensi, na isipokuwepo anafuatwa na dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Nimeona wanawake wakifika hospitali wakiwa hai kwa sababu ya simu hiyo. Barabara tunayo, gari linapatikana. Nani anakaa na mgonjwa safarini?

Mwaka jana mpwa wangu alimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), akaja kwangu. Alikuwa ameshuhudia ajali ya bajaji pale Buhongwa, akaona majeruhi akibebwa mikono na miguu na kutupwa nyuma ya pikapu, shingo inaning'inia. Akaniambia, "Mama mkubwa, mimi nataka kuwa yule anayekuja na ambulensi. Nisome wapi?" Ningeuliziwa utabibu, uuguzi, famasia au maabara, ningejibu bila kusita, maana hapa Mwanza vyuo vya fani hizo vipo. Kwa swali lake nilinyamaza. Katika miaka yangu yote 31 sijapokea mgonjwa hata mmoja kutoka mkononi mwa mtu aliyekaa darasani kuisomea kazi hiyo.

Wenzetu wanamwita paramediki, na ni fani kamili. Katika jimbo la Ontario, Kanada, anaisomea chuoni miaka 2, anafanya mazoezi kwa vitendo hospitalini na ndani ya gari la wagonjwa, kisha anafanya mtihani wa jimbo. Uingereza, tangu mwaka 2021, kiwango cha mafunzo ya kuingia katika fani hiyo ni shahada. Wanajifunza kufungua njia ya hewa, kuzuia damu inayochuruzika, kufunga shingo na uti wa mgongo kabla ya kumnyanyua mtu, kushtua moyo kwa mashine, kumzalisha mama kando ya barabara, na kuamua nani abebwe kwanza majeruhi wakiwa wengi.

Chuo kikianzishwa huku, naomba mtaala wake uwe na Ziwa Victoria ndani yake. Nimesimama mwaloni, pale wavuvi wanapotia nanga, nikaona mtoto aliyeopolewa akishikwa miguu, kichwa chini, watu wazima wakimkamua tumbo ili maji yatoke. Walikuwa wanampenda, hawakujua. Aliyezama amekosa hewa, na kama hapumui cha kwanza anachohitaji ni kupuliziwa pumzi, kisha kifua kikandamizwe. Kumkamua tumbo kunakula dakika zake na kunaweza kupandisha matapishi yakaingia mapafuni. Somo hili lilipaswa kuwa limefika katika kila mwalo, hadi visiwani Ukerewe, Kome na Maisome.

Tarehe 20 Septemba 2018 feri ya MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, tukazika watu zaidi ya 200. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani Bukoba, na katika watu 43 waliokuwemo, 24 waliokolewa. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kwa ujasiri wao hatuna cha kuwalipa. Ila mvuvi akishamtoa mtu majini, lazima awepo wa kumpokea ufukweni.

Nimeambiwa kwamba kazi hii ni ya gharama, na kwamba vijana wetu wa mitaani, bodaboda wakiwemo, hawaiwezi. Pittsburgh, Marekani, hadi miaka ya 1960 mgonjwa alikuwa anabebwa na gari la polisi, bila huduma yoyote njiani. Mwaka 1967 ikaanzishwa huduma iliyoitwa Freedom House: vijana Weusi wasio na ajira, wengine hata sekondari hawakumaliza, wakafundishwa kwa takriban saa 300 na kupanda ambulensi. Wakawa mfano kwa miji mingine. Sioni kwa nini kijana wa Igoma, hapa Mwanza, ashindwe.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya vyuo vya ufundi, ni stashahada ya huduma za dharura kabla ya hospitali, na moja ya vyuo vya kuanzia kiwe hapa Mwanza, karibu na hospitali za Bugando na Sekou Toure ambako wanafunzi watapata wagonjwa wa kujifunzia. Na tafadhali, kada hiyo iwe na muundo wa utumishi kabla mwanafunzi wa kwanza hajalipa ada. Nimeona vijana wakihitimu kozi nzuri halafu wanaambiwa serikalini hakuna nafasi yenye jina lao, wanaishia kuuza vocha. Kuwafanyia hivyo hawa wa ambulensi itakuwa dhuluma.

Mimi goti moja limechoka, lakini sauti ninayo. Chuo kitakachoanza, kipindi cha dharura za uzazi njiani niko tayari kukifundisha bila malipo, nikianzia na usiku ule wa Busisi.

Wako,
Mkunga mstaafu,
Sengerema, Mwanza