Barua ya wazi kwa Mkuu wa Usalama Barabarani: gari kuteleza si ushahidi wa uzembe

Kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Mkoa,

YAH: KUPINGA FAINI NILIYOANDIKIWA BAADA YA GARI KUTELEZA KWENYE TOPE

Afande,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni dereva wa gari dogo la mizigo, mkazi wa Kasulu mkoani Kigoma, na kazi yangu ni kusomba maharage na ndizi kutoka vijiji vya milimani wilayani Buhigwe. Ninapinga faini ya shilingi 30,000 niliyoandikiwa kwa kosa la kuendesha bila uangalifu, baada ya gari langu kuteleza na kuingia mtaroni wakati wa mvua. Nimechagua kuandika hadharani kwa sababu jambo hili linamgusa kila dereva anayepanda milima ile kuanzia Novemba hadi Aprili, na wengi huandikiwa, wakalipa, wakaondoka bila kuuliza.

Nilikuwa nikishuka mteremko mrefu wa udongo mwekundu, nimepakia magunia ya maharage, na utingo wangu amekaa pembeni yangu. Mvua ilitukuta katikati ya mteremko, mahali ambapo huwezi kugeuza wala kuegesha. Nilikuwa gia namba mbili na mguu nimeuweka mbali na breki, kama anavyofanya kila anayeijua njia ile, maana ukikanyaga breki juu ya udongo ule ukiwa umelowa, magurudumu yanajifunga na usukani haukusikilizi tena. Kwenye kona ya chini, mtaro wa upande wa mlima ulikuwa umejaa udongo hadi usawa wa barabara, na mdomo wa karavati ulikuwa umezibwa na majani na matope, kwa hiyo maji yote ya kilima, ambayo yalipaswa kupita chini, yalikuwa yakikatiza juu ya barabara na kuacha utando wa tope laini kama uji juu ya tabaka gumu lililoshindiliwa. Magurudumu ya nyuma yalipofika hapo yalihama, gari likasogea upande taratibu, na tairi la nyuma la upande wa bondeni likatumbukia kwenye mtaro wa pili.

Hakuna aliyeumia na hakuna kioo kilichopasuka. Magunia yalibaki yamepangwa vilevile kama tulivyoyafunga, na hilo ninaomba ulizingatie, kwa sababu gari lililokuwa kasi haliwezi kutumbukia mtaroni mzigo wake ukabaki umetulia.

Askari aliyefika alikuta mvua imekatika na wanakijiji wameshatusaidia kulitoa gari. Hakupima chochote, hakuchora mchoro wa eneo, hakuandika maelezo ya mtu yeyote kati ya walioshuhudia, na hakuinama kutazama tairi, ambazo si vipara na ziko tayari kukaguliwa hata leo. Utingo wangu alimwonyesha karavati lililoziba, naye akaligeuzia mgongo. Alitaka leseni yangu, akaingiza namba ya gari kwenye mashine, akanipa karatasi yenye kumbukumbu namba ya malipo. Nilipomuuliza uzembe wangu ulikuwa upi, alinijibu kwamba gari likitoka barabarani mwenye kosa ni dereva.

Jibu hilo ndilo ninalolipinga, Afande, kuliko hata faini yenyewe. Kosa la kuendesha bila uangalifu ni kosa la mwenendo: mtu ashtakiwe kwa namna alivyoendesha, kwa kulinganishwa na ambavyo dereva mwangalifu angeendesha katika mazingira yaleyale. Gari kutoka barabarani ni tokeo, na tokeo hilo linaweza kuletwa na mwendo kasi, au ulevi, au tairi bovu, au simu mkononi, au maji yaliyokosa njia. Kazi ya uchunguzi ni kutenganisha hayo. Ibara ya 13(6) ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza mtu kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika kuwa ana hatia, na mimi sioni kilichothibitishwa pale zaidi ya kwamba mimi ndiye niliyeshika usukani. Nchi zenye theluji nazo hukabiliana na jambo kama hili. Ujerumani, kwa mfano, tangu mwaka 2010 sheria inamtaka dereva awe na tairi za majira ya baridi barabara inapokuwa na barafu au theluji, na kila dereva anajua mapema atapimwa kwa kipi. Sisi wa njia za tope tunapimwa kwa uangalifu wa kawaida tu, na uangalifu huo niliuonyesha.

Wenzangu wamenishauri nilipe yaishe, kwamba elfu thelathini si hela ya kugombania na mwenye sare. Ninawaelewa, maana siku ya kufuatilia ni siku ya kulaza gari. Lakini chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, anayelipa amekubali kosa, na akishakubali, hakuna wa kuuliza tena. Kumbukumbu zitasema dereva alizembea. Zitasema hivyo kwa gari langu, kwa bodaboda atakayeanguka hapohapo akiwa na abiria, na kwa Fuso litakalopinduka mvua ijayo, na katika karatasi hizo zote karavati halitatajwa. Mhandisi anayepanga matengenezo atatafuta sababu za ajali za kona ile na atakuta majina ya watu tu. Mtaro ule unahitaji watu wachache wenye majembe na mapanga kwa siku moja. Sasa hivi unazibuliwa kwa faini za madereva, na maji bado yanapita juu.

Kwa hiyo ninaomba faini hii ifutwe. Kama ofisi yako inaona niliendesha kwa uzembe, nipelekwe mahakamani kama sheria inavyoniruhusu kuchagua, nikasikie ushahidi na nikautolee majibu. Nitakuja na picha za karavati ambazo utingo wangu alizipiga jioni ileile, na wanakijiji wawili wamekubali kutoa maelezo. Ninaomba pia uwaelekeze askari wako kwamba, wakati wa mvua, kabla ya kumwandikia dereva aliyeteleza, waandike kwanza hali ya barabara, mitaro, tairi na mzigo, na nakala ya maelezo hayo ifike kwa wanaotunza barabara husika.

Gari langu lipo Kasulu na halijafanyiwa matengenezo yoyote, ili mkaguzi wako alikute lilivyo. Ninaomba aje kabla sijalazimika kulirudisha kazini, kwa kuwa maharage ya wakulima bado yako milimani na mvua haijaisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Dereva wa gari la mizigo,
Kasulu.