Barua kwa Somoe kuhusu hewa ya mikoa yetu

Shangani,
Mtwara.

Mpendwa rafiki yangu Somoe,

Nakusalimu wewe na wote nyumbani Lindi. Umeniuliza serikali huamuaje kwamba eneo hili lina hewa safi na lile halina. Swali hilo limenikaa moyoni, kwa sababu sisi wa kusini tunapumua moshi wa kuni, wa mkaa na wa mashamba yanayosafishwa kwa moto.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa Marekani. Kiwango chao cha kwanza cha chembechembe laini, yaani zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, kiliwekwa mwaka 1997, kikiwa mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka. Kikashushwa hadi 12 mwaka 2012 na hadi 9 mwaka 2024. Kiwango kikibadilishwa, magavana hupendekeza kila eneo liwekwe kundi gani, kisha mamlaka ya mazingira ya taifa, EPA, ndiyo inayoamua, kwa kutazama wastani wa miaka 3 mfululizo.

Lililonigusa zaidi ni kwamba kaunti yaweza kutangazwa kuwa haijafikia kiwango hata kama vipimo vyake yenyewe ni vizuri, iwapo moshi wake unachangia kuchafua hewa ya jirani. Naona hiyo ni haki kabisa. Kusi inapovuma, moshi wa mashamba ya huku kwetu huweza kuwafikia ninyi wa Lindi, na kwa sheria ya namna hiyo sisi wa Mtwara tungewajibika pamoja nanyi.

Eneo lililoshindwa huwekwa kwanza katika daraja la wastani, na jimbo hutakiwa kuwasilisha mpango wa kusafisha hewa ndani ya miezi 18. Likiendelea kushindwa hupandishwa daraja la hali mbaya, kama lilivyo Bonde la San Joaquin huko California, na masharti huwa makali zaidi.

Ila kuna jambo nisilolikubali. Maeneo yasiyo na takwimu za kutosha huhesabiwa kuwa hayawezi kuainishwa, na kwa kawaida huwekwa fungu moja na yale yaliyofikia kiwango, kana kwamba kutopimwa ni ushahidi wa usafi. Mama anayepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha hapati nafuu yoyote kwa kuwa hakuna mashine karibu naye. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2021, linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5, na ushauri huo unamhusu yeye pia.

Kwa hiyo, utakapokwenda kwenye kikao cha kata, tafadhali usiulize tu kama hewa ya Lindi ni safi. Uliza kipimo kimesimikwa wapi, kimefanya kazi kwa miaka mingapi, na kiko umbali gani kutoka barabara ya malori na majiko ya watu. Niandikie majibu watakayokupa.

Wasalimie wazee.

Ni mimi rafiki yako wa Mtwara.