YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJIBU YA TAIFODI MLIYOTANGAZA DIRISHANI

Ndugu Meneja wa Maabara,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninyi ndio mliotupima wafanyakazi wa kiwanda cha minofu ya sangara, na utaratibu wenu wa kutunza siri za wateja mmeubandika wenyewe mapokezi. Sitawasomea.

Kijana wenu alifungua dirisha, akashika karatasi yangu, akapaza sauti: "Huyu ana taifodi, asishike samaki!" Foleni nzima iligeuka, msimamizi wangu akiwemo. Nilipoomba tuongee pembeni akasema kipimo hakidanganyi.

Kipimo gani? Widal, tone la damu kwenye kioo, kiwango cha kingamwili kikasomeka O 1:80. Widal inatafuta kingamwili, haimtafuti bakteria mwenyewe. Aliyeugua zamani anaweza kuonyesha hivyohivyo: kovu mmeliita kidonda. Huku Kanda ya Ziwa taifodi haikauki, na Widal ya mara moja haitoshi kumtoa mtu kazini. Anayebeba bakteria bila kuumwa anatafutwa kwa kuotesha kinyesi, yaani kukiweka maabara kuona kama bakteria watakua, na hilo mnalijua kuliko mimi. Pigeni hesabu: kipimo kikikosea wazima 5 tu katika kila 100, mkapima watu 400 ambao wagonjwa ni 4, mtawapa ugonjwa wazima karibu 20!

Nimeotesha damu na kinyesi hospitalini kwa hela yangu, hakijaota kitu. Na msiseme dawa ndiyo iliyosafisha. Pakiti ya sipro mliyoniuzia hapohapo dirishani sijaifungua.

Narudia, maana hili ndilo linaloniuma. Aliinua karatasi juu, akataja jina langu lote, kisha "asishike samaki". Dada ninayekata naye minofu meza moja akavuta mkoba wake. Nami nimesimama pale na buti zangu nyeupe za kiwandani. Kesho yake nikasimamishwa bila malipo.

Kwa heshima, naomba mnirudishie fedha ya kipimo. Na barua kwa mwajiri wangu, ikieleza kwamba majibu yale hayakuthibitishwa. Na kijana huyo aniombe radhi palepale dirishani, foleni ikiwepo. Mshahara niliokosa mtaulipa ninyi, na wenzangu wote mliowaandikia taifodi kwa Widal muwaoteshee upya, bure. Ikifika Ijumaa kimya, barua hii inakwenda Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, na nyingine kwa wakili. Karatasi yenye muhuri wenu ninayo.

Mkata minofu,
Ilemela, Mwanza