Tusimulieni picha, si mashaka ya mchoraji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie makala yenu kuhusu yule kijana aliyeanzia kuchora kuta usiku na sasa amepewa ukumbi mzima aonyeshe kazi zake peke yake. Makala ni ndefu na imeandikwa kwa ufundi. Imeeleza alivyokuwa akikimbizwa na walinzi, alivyokosa pa kulala, nani amenunua picha yake na kwa kiasi gani. Kuhusu picha zenyewe, mwandishi wenu kasema zinavutia na zina rangi kali. Basi, kaishia hapo.

Mimi ni fundi wa kuandika mabango. Brashi na kopo la rangi ya kupuliza ndivyo vilivyonilea na kuwalea wanangu, na maonyesho yale nimeyatazama kwa jicho la mtu anayejua kazi hiyo inavyochosha mkono. Kijana yule anasimulia hadithi, Mhariri. Hadithi ina pa kuanzia, ina watu, ina jambo linalotokea. Msomaji aliyelipia gazeti alistahili kuambiwa ni hadithi gani.

Acha nijaribu. Picha ya kwanza ni chumba. Kuna kitanda, kuna sanduku la nguo, na mwanamke ameketi ametupa mgongo. Ukuta ulio mbele yake umejaa herufi zilizopandana. Ukisogea utaona kuwa ni majina ya watu waliowahi kuishi humo, jipya limeandikwa juu ya la zamani na la zamani bado linachungulia. Picha ya pili chumba ni kile kile, ila mwanamke amesimama na kona moja ya ukuta imepakwa nyeupe. Ya tatu nyeupe imeongezeka. Katika ya nne mwanamke amebeba sanduku, na mlangoni inaonekana miguu ya mtoto, miguu tu. Ya tano chumba ni kitupu, ukuta mweupe wote. Halafu ya sita, mtoto yuko katikati ya chumba na kopo mkononi, anayarudisha yale majina. Jina la mwisho kaliandika na kulipiga mstari mwekundu, nalo bado linasomeka vizuri kabisa. Ni la mama yake. Nilijua hivyo kwa sababu katika picha ya kwanza jina hilo limeshonwa kwenye mkanda wa sanduku, kwa herufi ndogo ambazo aliyesimama mbali hazioni.

Mtoto amemkasirikia mama, au amemuaga? Nilibishana na binti yangu mpaka tukafika nyumbani. Picha inayowafanya watu wabishane hivyo inataka kuandikwa zaidi ya sentensi moja.

Sasa kuhusu ufundi, maana hapo ndipo grafiti, huu uchoraji wa kuta kwa rangi ya kopo, ilipo kweli, haiko kwenye kukimbizwa na walinzi. Kopo likiwa karibu na ukuta na mkono ukienda haraka, unapata mstari mwembamba wenye kingo safi. Ukirudi nyuma, rangi inatawanyika na kingo zinapotea. Ukisita kidogo tu, rangi inajaa na kuchirizika. Kopo halina kifutio. Ukikosea, njia ni kupaka juu yake, na aliyezoea kazi ataona kilichofunikwa. Katika ile picha ya nne, mstari wa bega la mwanamke umeshuka safi kutoka shingoni, na ulipofika kwenye kiwiko umechirizika mara tatu. Mkono ule ulisimama pale kwa makusudi, kwani kiwiko ndicho kinachobeba uzito wa sanduku. Na miguu ya mtoto imepulizwa kwa mbali, haina kingo, kwa hiyo hujui kama anaingia au anatoka. Hayo ni maamuzi ya msimuliaji, na ameyafanya kwa mbinu alizojifunza ukutani.

Wapo wanaodhani hadithi ni kitu ambacho wachoraji hawa hukiokota wakishaingia kwenye majumba ya sanaa. Sivyo. Mwaka 1976 jijini New York, Lee Quiñones na wenzake wa kundi la Fabulous 5 walichora treni nzima ya chini ya ardhi, mabehewa kumi, ubavu mzima. Aliyesimama kituoni treni ikiingia aliisoma behewa kwa behewa, na asiyekuwa makini ilimpita. Miaka mitatu baadaye, 1979, Lee na Fab 5 Freddy walikuwa wakionyesha kazi zao Roma, katika Galleria La Medusa. Kwa hiyo safari ya kutoka ukutani kwenda ukumbini ina zaidi ya miaka arobaini, si habari ya kushangaza tena. Kinachonishughulisha mimi ni kuwa ukumbini mambo hugeuka: picha zinasimama, sisi ndio tunaopita. Tunaweza kurudi nyuma kukagua tulichokiruka. Ukutani hilo ni shida, kwani leo umechora, kesho mwenzako kaandika juu yako au mwenye jengo kapaka chokaa. Mwanzo wa hadithi yako unafutika kabla hujaufikia mwisho. Ndiyo maana maonyesho ya mtu mmoja yana thamani kwa mchoraji wa namna hii kuliko picha moja moja kwenye maonyesho ya pamoja. Kwa mara ya kwanza, picha ya kwanza na ya sita zinakaa chini ya paa moja.

Na hili la kumwandika mchoraji tukaiacha kazi yake lina historia mbaya. Jean-Michel Basquiat, mchoraji aliyeanzia naye kwenye kuta za New York, alizaliwa Brooklyn katika jiji hilo mwaka 1960, baba yake mhasibu kutoka Haiti, mama yake akimpeleka kwenye majumba ya makumbusho tangu akiwa mdogo. Magazeti yakapenda kumwita mtoto wa mitaani. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake nchini Marekani yalifanyika mwaka 1982 katika jumba la sanaa la Annina Nosei, ambako pia alipewa chumba cha chini achorie. Maneno yakaenea kwamba amefungiwa huko chini kama mfungwa. Yeye mwenyewe alijibu kwenye mahojiano kwamba angekuwa mzungu wangesema tu kuwa ni msanii aliyekaribishwa kufanyia kazi pale. Alifariki 1988 akiwa na miaka 27. Mei 2017 picha yake moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 110.5, na leo ukilitaja jina lake, watu wanakutajia hiyo bei. Wachache watakuambia kuwa picha ile ni kichwa cha mtu, meno nje, kwenye bluu, au kwamba alikuwa akikata maneno kwa mstari kusudi watu wayatazame zaidi. Kijana wenu naye kalikata jina la mama. Mwandishi angelitazama, angekuwa na makala.

Basquiat huyo huyo, mwaka 1983, alichora kwenye ukuta wa studio ya mchoraji mwenzake, Keith Haring, askari polisi wawili wameinua virungu, na kati yao kivuli cheusi kisicho na uso. Kivuli hicho ni Michael Stewart, kijana wa miaka 25 aliyekamatwa kwenye kituo cha treni akidaiwa kuandika ukutani, na aliyefariki siku kumi na tatu baadaye. Askari walioshtakiwa waliachiwa huru. Haring aliikata sehemu ile ya ukuta akaitundika juu ya kitanda chake, na mwaka 2019 makumbusho ya Guggenheim ilipanga maonyesho kuizunguka. Mtu akishaambiwa yaliyomo kwenye picha ile, hahitaji kuambiwa kuwa inavutia.

Nina neno pia kwa waandaaji. Picha ya tano, ile ya chumba kitupu, wameitoa kwenye mstari na kuitundika karibu na mlango, nadhani kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote na inapendeza mtu akiingia. Wameikata hadithi. Mgeni anakutana na ukuta mweupe kabla hajajua kulikuwa na majina, halafu anatoka ya nne na kuangukia ya sita, haelewi nyeupe imetoka wapi. Nilimwona baba mmoja akimuuliza mwanawe mbona ukuta ulikuwa na majina, sasa hauna. Niliwaonyesha ile ya mlangoni, wakarudi kuanza upya. Kuirudisha mahali pake ni kazi ya misumari miwili na ngazi.

Kwako, Mhariri, ombi langu ni dogo. Maonyesho bado yapo. Mrudisheni mwandishi wenu, aende asubuhi kabla watu hawajajaa, aanzie kushoto, asogee mpaka aone michirizi. Kisha mchapishe picha tatu kwa mfuatano wake, ya kwanza, ya nne na ya sita, na chini ya kila moja muandike imechorwa kwa rangi gani, juu ya nini, na nani yumo ndani yake. Walinzi na bei mmeshatuambia.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi wa kuandika mabango