Vitabu vya nyongeza kwenye meza yetu

Ndugu wanakikundi, salaam.

Wengi mmeuliza kama mnaweza kuleta vitabu vya nyongeza ambavyo havikutolewa na Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo wetu wa kuigiza na kusimulia hadithi, Dungeons & Dragons. Mnaweza, ila tuvipitie kwanza. Uhalali wake hauna shaka: leseni huria ya mwaka 2000 iliwafungulia mlango wachapishaji wengine, na Januari 2023, baada ya wachezaji kupinga vikali mpango wa kuibadilisha, kampuni iliziweka kanuni za msingi za toleo la 5 chini ya leseni ya Creative Commons, inayomruhusu yeyote kuzitumia na ambayo haiwezi kufutwa.

Ninachokihofia ni uwiano wa nguvu kati ya wahusika wetu. Mpira wa moto, uchawi wa ngazi ya 3, hujeruhi kwa dadu 8 zenye pande 6. Mkikuta uchawi wa ngazi ya 1 unaofikia kiwango hicho, jueni haukupimwa, na wenzenu watabaki watazamaji. Vitabu vya mazimwi, hasa vya mchapishaji Kobold Press, navikaribisha bila wasiwasi, kwa sababu msimulizi, yaani anayeongoza mchezo, ndiye anayevitumia.

Nionyesheni kurasa husika kabla ya Alhamisi. Tafadhali, tusisambaze nakala za PDF humu, kwani waandishi wengi wa vitabu hivi hujichapishia wenyewe na hiyo ndiyo riziki yao.