Giovanna Garzoni hakuwa mpambaji tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme machache kuhusu makala yenu ya karibuni juu ya wachoraji wa Italia wa karne ya 17, ambayo ilimtaja Giovanna Garzoni kwa sentensi moja, tena kama mwanamke aliyechora maua na matunda ya kupamba vyumba vya wakuu. Ni kweli kwamba wakuu ndio waliomlipa. Lakini anayezitazama kazi zake kwa utulivu ataona kwamba alikuwa mchunguzi wa viumbe kwanza na mpambaji baadaye, na sifa hiyo amenyimwa kwa muda mrefu mno.

Garzoni alizaliwa Ascoli Piceno mwaka 1600, akafanya kazi Venice, Naples, Turin na Florence, kisha akaweka makao Roma, alikofariki mwaka 1670. Ndoa yake na mchoraji Tiberio Tinelli ilivunjika mapema, naye akajitegemea kwa kazi ya mikono yake, jambo lililokuwa adimu kwa mwanamke wa zama zile. Hakushindana na wenzake waliojaza turubai kubwa kwa rangi za mafuta. Alitumia rangi za maji juu ya ngozi nyembamba ya mnyama iliyolainishwa, akiweka nukta ndogo kando ya nukta, kwa subira ambayo sijui aliipata wapi, hadi ganda la tunda lionekane kuwa na ukwaru au ulaini wake halisi.

Chukueni ile picha ya makomamanga iliyomo katika jumba la Pitti, Florence, miongoni mwa kazi alizowachorea watawala wa ukoo wa Medici. Tunda limepasuka, punje zake ziko wazi, na hapo hapo wapo panzi na konokono. Mpambaji angechagua tunda lisilo na kovu na kuwafukuza wadudu mezani. Garzoni aliwaacha, kwa kuwa alichora kitu jinsi kinavyoishi, kinavyoliwa na kinavyooza. Kitabu chake cha michoro ya mimea, ambacho leo kimehifadhiwa Dumbarton Oaks mjini Washington, kinakwenda mbali zaidi: humo mmea huonyeshwa pamoja na mizizi yake, kama matabibu na wataalamu wa mimea walivyohitaji ili wautambue bila kukosea.

Wala hakuzuka peke yake. Jacopo Ligozzi, mzaliwa wa Verona, alikuwa amewachorea Medici mimea na wanyama tangu miaka ya 1570, na michoro yake ilimvutia Ulisse Aldrovandi, mtaalamu mashuhuri wa viumbe wa Bologna. Garzoni mwenyewe aliandikiana barua na Cassiano dal Pozzo wa Roma, mwanachama wa Accademia dei Lincei, chama cha wanasayansi alichojiunga nacho pia Galileo. Watu hao hawakutafuta mapambo. Walitafuta macho ya kuaminika.

Makala yenu iliacha pia jambo linalotugusa sisi wa upande huu wa Afrika. Mwaka 1635, akiwa Turin katika utumishi wa ukoo wa Savoy uliotawala huko, Garzoni alichora picha ndogo sana ya Zaga Christ, kijana wa Kihabeshi aliyezunguka Ulaya akidai kuwa mwana wa mfalme wa Ethiopia. Dai lake lilitiliwa shaka tangu siku zile, naye akafariki Ufaransa mwaka 1638. Hata hivyo mchoraji alimtazama kwa makini yale yale aliyoyapa matunda na wadudu: ni uso wa mtu mmoja mahususi, si kinyago cha Mwafrika kilichozoeleka katika picha nyingi za Ulaya ya wakati huo. Nyuma ya picha hiyo Garzoni aliandika jina lake mwenyewe kwa Kiitalia na pia kwa hati ya Kihabeshi.

Kwa hiyo ninaomba mfululizo wenu ukiendelea, Garzoni apewe makala yake, na picha zake zichapishwe kwa rangi na kwa ukubwa wa kutosha, maana katika picha ndogo za nyeusi na nyeupe mlizozoea kutuwekea, nukta zake zote hupotea.

Msomaji wenu,
Tanga